"Nusu inchi" si kipimo kimoja

Ndugu Mhariri,

Kurasa za ujenzi za gazeti lako huzungumzia sana vigae, rangi na milango. Bomba la maji, ambalo likishafunikwa na lipu halionekani tena mpaka siku litakapovuja, huachiwa sentensi moja: nunua bomba imara. Imara dhidi ya nini? Joto, jua, presha au kutu? Ni mabomba machache yanayoyashinda yote manne, na ndiyo maana nyumba moja yaweza kuhitaji aina tatu za bomba. Naomba nafasi nieleze kila kipande kinataka nini, maana makosa mengi hufanyika dukani, fundi akiwa bado hajashika hata msumeno.

Nianze na kipimo, kwa kuwa ndicho kinachowadanganya wengi. Bomba la chuma lililopakwa zinki huitwa kwa tundu lake: nusu inchi ya daraja la kati ina kipenyo cha nje cha milimita 21.3 na ukuta wa milimita 2.6, hivyo tundu ni milimita 16 na kidogo. PPR, lile bomba la plastiki linalounganishwa kwa kuchomwa, hupimwa kwa nje. Linalouzwa kama nusu inchi lina milimita 20 kwa nje, na likiwa la PN20 (namba ya presha, nitaieleza hapa chini) ukuta wake ni milimita 3.4. Tundu linalobaki ni milimita 13.2. Mtu akingʼoa chuma chakavu na kuweka PPR ya nusu inchi kwa nusu inchi, amepoteza karibu theluthi ya njia ya maji, na msuguano ndani ya bomba umepanda zaidi ya mara mbili na nusu kwa maji yaleyale, tukilinganisha na chuma kikiwa kipya. Kisha analaumu tangi. Ili apate tundu kama la nusu inchi ya chuma, PPR ya PN20 inabidi iwe ya milimita 25, ambayo tundu lake ni 16.6.

Hilo lina uzito zaidi kwa nyumba inayotegemea tangi la juu bila pampu. Kila mita 10 za kimo cha maji hutoa baa 1 hivi. Tangi lililo mita 4 juu ya shawa linaleta baa 0.4 tu, na kila elbo isiyo ya lazima inaila. Hapa ukuta mnene hauna faida yoyote kwa laini ya baridi: PPR ya milimita 20 ya PN10 ina tundu la milimita 16.2, yaani njia ya maji kubwa kwa nusu zaidi ya ile ya PN20, nayo haitasumbuliwa na baa 0.4 hata kidogo. Lakini isije ikawekwa kwenye maji ya moto.

Namba hiyo ya PN nayo husomwa vibaya. PN20 maana yake ni baa 20 kwa maji ya nyuzi joto 20 za Selsiasi, kwa makadirio ya miaka 50. Maji yakifika nyuzi 70, bomba lilelile hubeba chini ya nusu ya presha hiyo. Kwa hiyo PN20 kwenye laini ya moto si anasa ya tajiri. Unene ule ndio unaofidia plastiki inapolegea kwa joto. Mstari mwekundu uliochorwa ubavuni si ushahidi wa kutosha. Soma maandishi yaliyochapwa kwenye bomba lenyewe: aina ya plastiki, kipenyo mara unene (kwa mfano 25 x 4.2), PN au SDR (kipenyo cha nje kikigawanywa kwa unene wa ukuta), na namba ya kiwango, ambayo kwa PPR mara nyingi ni ISO 15874. Kisha chukua kalipa, kifaa cha kupimia unene, upime ukuta sehemu nne za mdomo. Bomba lililoandikwa 4.2 likatoa 3.6 upande mmoja, rudisha yote.

Tuje kwenye joto, maana ndilo swali la kwanza la kuuliza kwa kila kipande cha laini. PVC ya kawaida ni ya maji ya baridi. Katika nyuzi 43 imebaki na nusu hivi ya uwezo wake wa presha, na katika nyuzi 60 imebaki na kama sehemu moja ya tano. Wapo wanaoiunganisha kwenye hita "kwa kuwa maji si ya moto sana." Haipasuki siku ya kwanza. Inalegea, inapinda katikati ya vishikizo, halafu soketi moja inachomoka. CPVC ni ndugu yake aliyeongezewa klorini, nayo hubeba maji ya moto mpaka nyuzi 93. Ile ya SDR 11 huhimili karibu baa 27 kwa nyuzi 23 na karibu baa 7 kwa nyuzi 82. Hata hivyo rangi ya maziwa au ya kijivu isikuponze, soma herufi. Na gundi ya PVC si gundi ya CPVC. Kiungo kilichopakwa gundi isiyo yake hushika vizuri siku ya majaribio, kikaachia baada ya miezi kadhaa ya moto na baridi.

Kwa hita ya jua, kipande cha kati ya paneli na tangi lake kisiwe cha plastiki ya aina yoyote. Maji yakisimama mchana kutwa bila kutumika, joto ndani ya paneli laweza kupita nyuzi 100. Weka shaba au chuma kisichoshika kutu, halafu valvu ya kuchanganya maji kabla laini haijageuka kuwa ya plastiki. Na lile bomba dogo la kutolea maji kwenye valvu ya usalama ya hita lisiwe la PVC, wala lisifungwe koki. Nalitaja kwa sababu mara nyingi ndilo linalofanyiwa ubahili, na siku litakapohitajika litapitisha maji yanayochemka.

Joto hurefusha bomba pia. Chukua laini ya mita 10 inayotoka nyuzi 20 kwenda nyuzi 60. Shaba hurefuka milimita 7 hivi. CPVC, karibu milimita 26. PPR isiyo na tabaka la kati hurefuka milimita 60, upana wa vidole vitatu. Bomba lililobanwa kwa vishikizo vigumu kila mita halina pa kwenda, kwa hiyo linajikunja kama nyoka na kuzivuta tii zake. Ndani ya ukuta lipu hulizuia na mkazo huishia ndani ya plastiki yenyewe, kwa hiyo tatizo ni dogo. Kwenye dari na kwenye mabomba yanayopanda wima ndiko kwa kuangaliwa. Nunua PPR yenye tabaka la nyuzi za kioo au alumini, ambayo kwa hesabu hiyohiyo hurefuka milimita 14 tu, au acha kona iliyo huru na vishikizo vinavyoruhusu bomba kuteleza.

Sasa kuhusu kuunga, ambako bomba zuri huharibiwa. PPR inasifiwa kwamba kiungo chake hugeuka kitu kimoja na bomba. Ni kweli, ikichomwa inavyotakiwa. Mashine ya kuchomea iwe nyuzi 260 na isubiriwe ifike, isianze kutumika taa ikiwa bado. Bomba likatwe kwa mkasi wake, mdomo uwe mraba, mkavu na usio na vumbi. Weka alama ya kina kwa penseli: milimita 14 kwa bomba la 20, milimita 16 kwa la 25, milimita 18 kwa la 32. Ingiza bomba na fitingi kwenye vichwa vya mashine kwa pamoja, na uhesabu kuanzia pale vyote viwili vimeingia kabisa: sekunde 5 kwa 20, sekunde 7 kwa 25, sekunde 8 kwa 32. Toa, sukuma moja kwa moja mpaka kwenye alama ndani ya sekunde 4 (6 kwa bomba la 32), shikilia, na usizungushe. Kiache kiungo dakika 2 kwa saizi mbili za kwanza na dakika 4 kwa 32 kabla ya kukiwekea mzigo wowote.

Ukikitazama kiungo kizuri kwa karibu utaona pete mbili za plastiki iliyoyeyuka, zinazolingana, zimezunguka mdomo wote bila kukatika. Kiungo kibovu mara nyingi huonekana kizuri zaidi kwa nje. Aliyesukuma kupita alama, au aliyechoma sekunde 12 "ili ishike vizuri," ameipeleka ile plastiki ndani, ikajikusanya na kuziba tundu. Kwenye tundu la milimita 13 haihitaji kuwa nyingi. Viungo sita vya namna hiyo mfululizo, na shawa inatoa machozi. Kitengenezwe kiungo kimoja cha majaribio, kikatwe kwa urefu kwa msumeno mbele ya mwenye nyumba. Dakika tano tu, na utajua fundi ni yupi. Jambo jingine ni tone la maji: katika matengenezo, maji yaliyobaki kwenye laini ya zamani hugeuka mvuke mashine inapogusa na kuacha kijitundu ndani ya kiungo. Laini ikaushwe kwanza, hata kama itachukua asubuhi nzima.

Kwa PVC na CPVC, kosa kuu ni haraka. Bomba likiingizwa kwenye soketi likiwa kavu liingie theluthi moja hadi mbili na kukwama. Likifika mwisho bila kukaza, kiungo hicho kitashikwa na gundi peke yake. Ondoa manyoya ya msumeno, safisha, paka gundi nyembamba ndani ya soketi na ya kutosha juu ya bomba, sukuma huku ukizungusha robo mzunguko, shikilia nusu dakika. Gundi iliyomwagika ikatuama ndani ya soketi huilainisha plastiki kutoka ndani. Siku moja nzima ipite kabla ya kupandisha presha.

Bomba la chuma bado lina watetezi wake, na mahali ambapo bomba litagongwa au kukanyagwa ninawaunga mkono. Lakini tazama tredi, ile mikato ya mzunguko ya kukazia kwenye mdomo wa bomba. Tredi ya nusu inchi ina kina cha milimita 1.16. Ukuta wa milimita 2.6 ukishakatwa tredi umebaki na milimita 1.4 hivi, tena bila zinki, kwa kuwa zinki imeondoka na vyuma vya kukatia. Ndiyo sababu kutu huanzia kwenye viungo na si katikati ya bomba. Maji ya moto yapitayo nyuzi 60 humaliza zinki upesi zaidi, kwa hiyo chuma cha zinki kwenye laini ya moto ni chaguo baya hata kama ni cha daraja la juu.

Shaba ni bomba zuri sana kwa moto, haliogopi jua, na unene wake mdogo hauli nafasi: la milimita 15 kwa nje laweza kuwa na tundu la milimita 13.6. Adui zake ni maji yenye asidi, mwendo mkali wa maji na ulehemu mchafu. Maji ya kisima yenye pH chini ya 6.5 huila, na dalili ni madoa ya kijani-samawati kwenye sinki. Pima maji kwanza, kisha ndipo uamue. Lihamu iwe isiyo na risasi, na ile krimu ya kulehemia ipanguswe nje na isafishwe ndani kwa kufungulia maji, kwani mabaki yake huendelea kutafuna. Halafu lipo kosa la kuchanganya: shaba ikitangulia na chuma cha zinki kikafuata kwenye mkondo uleule, chembe za shaba husafiri na maji, hutua kwenye zinki na kuchimba vishimo. Ukilazimika kuwa navyo vyote, chuma kitangulie, shaba ifuate, na katikati pawe na fitingi ya brasi au kiungo maalumu cha kutenganisha metali.

PEX, bomba laini la plastiki linalokunjwa, linafaa pale unapotaka kila koki iwe na laini yake kutoka kwenye kituo kimoja cha mgawanyo, bila kiungo hata kimoja ndani ya ukuta. Lipitishwe ndani ya ala pana, na siku likiharibika litavutwa na kubadilishwa pasipo kuvunja kigae. Usilikunje kwa mkono chini ya mara 8 ya kipenyo chake; la milimita 16 linataka mkunjo wa nusukipenyo cha sentimita 13 hivi. Lisikae juani, na lisiunganishwe moja kwa moja kwenye hita ya gesi: sentimita 45 za kwanza ziwe za metali. Panya hulipenda, kwa bahati mbaya.

Nje ya nyumba, kutoka mita ya maji hadi ukutani, sioni sababu ya kutumia kitu kingine zaidi ya HDPE, lile bomba jeusi la plastiki. Inakuja kwa rola, hivyo viungo ni viwili tu, mwanzo na mwisho. Masizi yaliyomo ndani yake huikinga na jua. Ardhi ikititia, inafuata. Iwekwe juu ya mchanga, si juu ya mawe, na isipokee maji yaliyozidi nyuzi 40. Mdomo uchongwe kidogo kabla ya kuingia kwenye fitingi ya kukaza, vinginevyo utaikata ile pete ya mpira na fitingi italaumiwa bure. Ikiwa ardhi imewahi kumwagikiwa petroli au dizeli, kama karibu na jenereta au gereji, usizike plastiki hiyo hapo. Mafuta hupenya ukuta wake polepole na kuingia katika maji ya kunywa bila bomba kutoboka. Pitisha metali.

PVC na PPR zikilazimika kupita juani zifunikwe, au zipakwe rangi ya maji. Rangi ya mafuta ina viyeyushi visivyoelewana na PVC.

Kiungo kinachovuja kuliko vyote ni pale plastiki inapokutana na koki. Tepe nyeupe ikizungushwa nyingi, kisha fundi akaikaza brasi ndani ya tredi ya kike ya plastiki kwa spana ndefu, ile plastiki hupanuka na kupasuka mstari mwembamba usioonekana. Mara nyingi hujionyesha baada ya wiki kadhaa, vigae vikiwa vimeshakauka. Tumia fitingi yenye brasi iliyopachikwa ndani ya plastiki, au hakikisha tredi ya plastiki ndiyo ya kiume na ya metali ndiyo ya kike. Tepe izungushwe kufuata mwelekeo wa kukaza, ukaze kwa mkono kwanza, kisha mzunguko mmoja au mmoja na nusu kwa spana. Basi.

Mwisho ni majaribio, nayo yafanyike kabla ya lipu, bila kujali fundi wa lipu amekuja mapema kiasi gani. Jaza maji taratibu, toa hewa kwenye koki ya juu kabisa, kisha pandisha kwa pampu ya mkono hadi mara 1.5 ya presha ya matumizi. Geji itashuka kidogo kwenye plastiki hata bila uvujaji, kwa sababu bomba linatanuka. Kwa nusu saa ya kwanza rudisha presha kila baada ya dakika 10. Nusu saa inayofuata isishuke zaidi ya baa 0.6, na saa mbili baada ya hapo isishuke zaidi ya baa 0.2. Wanaojaribu mabomba ya plastiki kwa hewa ya kompresa waache mara moja: maji yakivuja hulowesha, hewa ikipasua bomba hurusha vipande kama kioo.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Mnapochapisha michoro ya nyumba, mwombeni mchoraji aandike kando ya kila laini maneno manne: aina ya bomba, kipenyo cha nje, PN, na joto la maji. Na mwenye nyumba apige picha kila ukuta uliochimbwa, futi ya kupimia ikiwa imenyooshwa kutoka kona ya chumba hadi kwenye bomba, kabla lipu haijapakwa. Siku ya kutoboa ukuta kwa ajili ya kabati atazihitaji.

Wako msomaji,
Fundi bomba